Nauli ya Meli

Kabla ya kupanda daladala, neno nauli lilikuwa la baharini. Tumelipata kwa Waarabu, ambao walimaanisha ujira wa chombo kilichobeba mzigo. Naishika maana hiyo ya kale, kwa sababu anayeujua ujira huo hujua mapema kama viwanda vya mbali vimewasha matanuri au vimeyazima.

Mjini London, mtaa wa Threadneedle, palikuwa na mkahawa ambao mwaka 1744 ulipewa jina la Virginia and Baltick. Jina lilitaja pande mbili walikofanyia biashara wateja wake: makoloni ya Marekani na nchi za Bahari ya Baltiki. Manahodha na matajiri walikaa humo wakinywa kahawa na kusoma barua. Mwenye katani na shahamu ya kutengenezea mishumaa alitafuta chombo. Mwenye chombo kitupu alitafuta mzigo. Wakipatana, nauli waliijua wao na waliokaa meza ya jirani. Walanguzi wa shahamu walipozidi, mwaka 1823 wateja wakubwa waliunda kamati, wakaandika kanuni na kuweka kikomo cha wanachama 300. Hapo ndipo lilipokulia Baltic Exchange, soko la kukodi meli.

Mwaka 1938 mwanatakwimu Leon Isserlis alichapisha nauli za meli za mizigo kwa mfululizo, tangu 1869 hadi 1936. Lakini miaka saba kabla yake, Mholanzi Jan Tinbergen alikwisha kuandika jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa historia hii yote. Nauli ikipanda, wenye meli huagiza meli mpya. Meli haiundwi kwa siku moja. Zile zilizoagizwa wakati wa neema hushushwa majini kwa pamoja, pengine neema yenyewe imekwisha, na nauli huporomoka.

Tarehe 4 Januari 1985 soko lile la London lilianza kutangaza fahirisi ya nauli, likaianzisha kwa pointi 1,000. Mrithi wake leo huitwa Baltic Dry Index. Kila siku ya kazi madalali wa meli hueleza gharama ya kukodi meli kwa safari maalumu, mathalani kupeleka madini ya chuma kutoka Tubarão, Brazil, hadi Qingdao, China. Mizigo inayopimwa ni ya kichele: madini, makaa ya mawe, nafaka. Hivi ni vitu vya mwanzo kabisa wa kazi. Madini hupakiwa leo ili chuma kipatikane baadaye, na nyumba ijengwe baadaye zaidi. Tena ni nadra mtu kukodi meli kwa kubahatisha wakati hana mzigo wa kupakia. Ndiyo maana wachumi waliipenda fahirisi hii, na mwaka 2009 mchumi Lutz Kilian aliwaonyesha namna ya kutumia nauli za bahari kupima shughuli za uchumi wa dunia nzima.

Wakati huo tayari fahirisi ilikuwa imeshatoa kilio chake kikubwa. Viwanda vya chuma vya China vilikuwa vimenunua madini kwa miaka kadhaa bila kushiba, na tarehe 20 Mei 2008 fahirisi ilifika pointi 11,793. Meli kubwa zisizopita Mfereji wa Panama zilikodiwa kwa zaidi ya dola 200,000 kwa siku. Septemba benki ya Lehman Brothers ikafilisika. Biashara ya bahari hutegemea hati ambayo benki ya mnunuzi humhakikishia muuzaji kwamba atalipwa. Benki zilipoacha kuaminiana, mizigo ilibaki gatini. Tarehe 5 Desemba fahirisi ilikuwa 663. Meli zile zile sasa zilipata dola elfu chache kwa siku, fedha isiyotosha mishahara ya mabaharia na bima.

Lakini tarehe 10 Februari 2016 fahirisi ilishuka hadi 290, chini kabisa kuliko wakati wowote, na dunia haikuwa imeanguka kama mwaka 2008. China ilipunguza kasi, kweli. Jambo zito zaidi lilikuwa lile la Tinbergen. Katika siku za neema ziliagizwa meli za kichele nyingi mno, na zilipotoka karakanani zilikuta mizigo michache ya kugombania. Aliyesoma pointi 290 peke yake, bila kuhesabu meli, alisikia msiba wa dunia mahali palipokuwa na msiba wa wenye meli.

Mwaka huo meli nyingi zilipelekwa kuvunjwa Alang, ufuko wa Gujarat nchini India. Nahodha husubiri maji ya bamvua, akaelekeza omo ufukweni na kuongeza mwendo mpaka meli ikwame topeni. Maji yakitoka, mafundi huingia na mitungi ya gesi. Nyingine hazikuwa zimetimiza miaka 20. Chombo kilichozoea kubeba madini ya chuma hukatwa mabamba, mabamba yakapelekwa viwandani, yakatoka nondo.