Shule Isiyokuwa na Ubao: Mafunzo ya Wapiga Kampeni Tanganyika, 1955–1965



Naomba nianze na neno lenyewe. Kura tuliipata kutoka Kiarabu, na kwa muda mrefu kupiga kura kulimaanisha kutupa vijiti au kokoto ili bahati, au Mwenyezi Mungu, aamue. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili atawakumbuka mabaharia wa Yona, waliopiga kura wapate kujua dhoruba ile imewajia kwa sababu ya nani. Hakuna aliyewaendea kabla ya hapo kuwaomba wamfikirie. Neno hilohilo lilipotwaliwa kutaja tendo la raia kutia alama kwenye karatasi, lilibeba maana mpya kabisa: kwamba matokeo hutokana na hiari ya watu, na hiari hiyo yaweza kushawishiwa. Penye ushawishi pana fundi wake, na fundi hafundiki bila mwalimu. Swali langu la jioni hii ni jepesi kuuliza: wapiga kampeni wa kwanza wa Tanganyika walifundishwa na nani, na wapi?

Jibu tulilozoea kulisikia ni Chuo cha Kivukoni. Ni jibu la heshima, lakini halilingani na kalenda. Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, kwa kufuata mfano wa Chuo cha Ruskin kilichoko Oxford, na Bi. Joan Wicken ndiye aliyehangaika kukitafutia fedha. Wakati huo TANU ilikwisha kushinda uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, ikashinda tena ule wa Agosti 1960 kwa kupata viti 70 kati ya 71. Kwa hiyo ushindi ulitangulia chuo. Yapasa tumtafute mwalimu mwingine.

Mimi namwona katika ngoma. Mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya TANU kuundwa, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alizuru Dar es Salaam na kuuliza wanawake wa chama wako wapi. Ndipo alipotafutwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha lelemama kilichoitwa Bomba. Hakuwa na shahada wala cheti cha kutajika. Elimu yake ya darasani ilikuwa ya shule ya msingi. Katika muda wa miezi michache maelfu ya wanawake wa mjini walikwisha kuandikishwa. Susan Geiger, aliyewahoji wanawake hao na kuchapisha kitabu chake mwaka 1997, ameonyesha kwamba jambo hili halikuwa muujiza wa mtu mmoja. Vikundi vya lelemama vilikuwa na viongozi wenye vyeo, michango, sare, mashindano na desturi ya kupelekeana habari kutoka nyumba hadi nyumba. Kiongozi wa ngoma alijua kukusanya watu kwa siku moja, kuwatuliza, kuwaamsha, na kumjibu mshindani papo hapo kwa wimbo. Hayo ndiyo mambo ambayo vyuo vya siasa vya leo huyafundisha kwa siku kadhaa hotelini, tena kwa posho.

Lakini ufundi huo ulikutana na mtihani usio wa kawaida. Sheria ya uchaguzi wa mwaka 1958 ilimtaka mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au ashike wadhifa fulani uliotambuliwa. Isitoshe, kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Aliyemchagua wa kwake peke yake aliiharibu karatasi yake. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, TANU ilijadili kwa uchungu kama isusie uchaguzi huo au iingie. Iliamua kuingia, na Zuberi Mtemvu akajitenga akaunda chama chake cha Congress.

Tuutazame uzito wa uamuzi ule kwa jicho la mfunzi wa kampeni. Kwanza, umati uliojaa viwanjani, pamoja na wengi wa akina mama waliouleta umati huo, haukuwa na haki ya kupiga kura. Wenye haki walikuwa wachache, aghalabu waajiriwa wa serikali waliokatazwa kujiunga na chama. Ilibidi watafutwe mmoja mmoja na kuhimizwa wajiandikishe. Pili, ilibidi Mwafrika aliyeambiwa kwa miaka minne kwamba nchi ni yake afundishwe kumpa kura Mzungu na Mwasia, na aamini kwamba kufanya hivyo ni kuidai nchi, si kuitoa. Sophia Mustafa, aliyegombea Jimbo la Kaskazini pamoja na Solomon Eliufoo na Derek Bryceson, ametuachia kitabu, *The Tanganyika Way*, kinachosimulia kampeni hiyo kwa macho ya mgombea. Naona ajabu kwamba hakisomwi sana katika idara zetu. Hapo uwanja wenyewe ndio uliokuwa darasa, na katika majimbo yote TANU na wale iliowaunga mkono walishinda.

Kuhusu Kivukoni chenyewe sitasema mengi. Kilifundisha uchumi, historia na siasa. Kiliwaandaa viongozi wa kuendesha nchi iliyokwisha kupatikana. Sanaa ya kuomba kura haikuwa na haraka tena.

Kilichoizima hasa ni uchaguzi wa mwaka 1965. Chini ya mfumo wa chama kimoja, wagombea wawili wa kila jimbo walipanda jukwaa moja, katika mikutano iliyoandaliwa na chama. Walikatazwa kutaja kabila, dini au rangi, na lugha iliyoruhusiwa ilikuwa Kiswahili peke yake. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, nao walihangaika kueleza kwa nini jembe ni bora kuliko nyumba, au nyumba kuliko jembe. Kwa lugha yetu ilikuwa neema kubwa. Hata kwa wapiga kura haikuwa hasara, kwani mawaziri wawili, mmojawapo Paul Bomani wa Fedha, waliangushwa. Ila mgombea hakuwa na haja, wala ruhusa, ya kuwa na timu yake, nyimbo zake au fedha zake. Miongoni mwa waliopoteza viti mwaka huo alikuwemo Bibi Titi Mohamed. Sidai kwamba masharti hayo ndiyo yaliyomwangusha. Zilikuwapo sababu nyingine. Nasema tu kwamba aliingia katika shindano lile bila silaha aliyokuwa amewafundisha wengine kuitumia.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, kizazi kizima cha wanasiasa kilijua kuhutubia mkutano ulioandaliwa na mtu mwingine, lakini wachache walijua kuuandaa. Wapo wenzangu watakaonipinga, wakisema tatizo lilikuwa umaskini tu, si ujuzi. Nawasikia, ila umaskini wa mwaka 1955 haukuwa mdogo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, na Kiswahili kikapata matumizi mapya ya neno *takrima*. Mahakama Kuu iliibatilisha mwezi Aprili 2006. Neno lenyewe lingali likitumika mitaani, na wanaolitumia huangua kicheko kabla ya kulimaliza.