Kodi: Tulikotoka na Tulipo

Ndugu wanachama, wengi wetu tunaikumbuka kodi ya maendeleo. Ilikuja mwaka 1984, halmashauri zilipofufuliwa. Asiyekuwa na stakabadhi alisakwa na mgambo. Baba analala porini, mama anabaki kuona mbuzi wake anaswagwa. Hata mimi wangu alikwenda hivyohivyo. Mwaka 2003 ikafutwa, tukapumua.

Sasa ipo kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, kidogo kidogo kila mwezi. Lakini jamani, ukikaa miezi mitatu hujanunua umeme, deni linakungoja palepale kwenye mita. Siku ukinunua, linakatwa. Mgambo haji tena, ila deni halisahau. Basi akina mama, tuweke akiba ya kodi kwanza, kitenge baadaye.

Mwenyekiti