Kutoka gome hadi kidonge: historia ya kupima miti dawa

Kila mvua zinapokaribia maswali kuhusu mimea ya dawa huongezeka. Kuna anayetaka mbegu ya pakanga aipande nyuma ya nyumba kwa ajili ya malaria. Kuna aliyeambiwa kwamba yupo mnunuzi wa majani. Na kuna anayeuliza: "Babu zetu walitumia dawa hizi bila maabara, maabara ya nini leo?"

Swali hilo la mwisho nitalijibu kwa historia ya mimea miwili iliyotupa dawa kubwa za malaria: mkwinini na pakanga ya Kichina. Yote miwili ilitoka kwenye tiba ya wenyeji, na katika yote miwili maabara ilikuwa na swali moja: dawa iliyomo ni kiasi gani?

Gome chungu la milima ya Andes

Mkwinini ni mti wa Amerika Kusini, katika nchi zinazoitwa leo Peru, Bolivia na Ekuado. Gome lake lilifika Ulaya katika karne ya 17 kupitia mapadri Wajesuiti, likasifika kwa kutuliza homa. Tatizo lilikuwa moja: gome la gunia hili lilimponya mgonjwa, la gunia lile halikumsaidia. Wanunuzi walipima kwa ulimi. Likiwa chungu, walilipa. Lakini magome machungu ni mengi, na wafanyabiashara wajanja walijua hivyo.

Mwaka 1820, jijini Paris, wafamasia wawili, Pelletier na Caventou, walifanikiwa kutenga kile kiini chungu kwenye gome wakakiita kwinini. Tangu hapo gome liliweza kupimwa na kuelezwa kwa asilimia. Daktari naye aliweza kumpa mgonjwa kipimo kilekile leo na kesho.

Waholanzi walijifunza umuhimu wa kipimo hicho kwa hasara. Katika kisiwa cha Java walipanda kwa wingi aina ya mkwinini iliyostawi vizuri sana. Magome yalipopimwa, kwinini ilikuwa kidogo mno. Miti ilikuwa mizuri kwa macho, lakini haikuwa na dawa ya kutosha.

Mbegu bora zilitoka Bolivia. Manuel Incra Mamani, mwenyeji aliyeijua misitu ile, alikusanya mbegu za miti aliyojua kwamba ndiyo yenye nguvu, akampa mfanyabiashara Mwingereza aliyeitwa Charles Ledger mwaka 1865. Serikali ya Uingereza haikuzitaka. Waholanzi walinunua kiasi kidogo tu, wakaotesha, wakapima gome na kuzalisha kutoka kwenye miti iliyoongoza. Baadhi ya miti hiyo ilikuwa na kwinini zaidi ya asilimia 10. Kufikia miaka ya 1930, sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya dunia ilitoka Java. Mamani alikamatwa nchini kwake kwa sababu ya kazi ya mbegu, akapigwa vibaya, akafa. Aina ile ya mkwinini ilipewa jina la Ledger. Jambo hili tulikumbuke tunapozungumza juu ya nani hufaidika na ujuzi wa wenyeji.

Amani, Usambara

Historia hii ilifika pia kwetu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea pale Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mkoa wa leo wa Tanga. Miongoni mwa mimea waliyoijaribu ulikuwa mkwinini.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, meli za Waingereza zilifunga bahari na dawa kutoka Ulaya zikawa adimu. Magome ya mkwinini uliopandwa hapa yakatumika kutengenezea vidonge vya kwinini kwa ajili ya jeshi la Kijerumani. Baada ya Waingereza kuteka eneo hilo mwaka 1916, jeshi lile lilirudi kusini bila taasisi yake. Likabaki kuchemsha magome na kunywa maji yake, kinywaji kichungu ajabu ambacho askari walikipa jina la pombe ya Lettow, kwa jina la kamanda wao.

Tazama tofauti hapo. Gome lilikuwa la mti uleule. Kwenye kidonge, kipimo kilijulikana. Kwenye sufuria, kilitegemea gome, maji na muda wa kuchemsha. Waliokunywa hawakufanya ujinga, maana hawakuwa na kingine. Sisi tuna kingine.

Pakanga na maji ya moto

Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeanza kuwa sugu kwa klorokwini. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walipitia mapishi zaidi ya 2,000 ya tiba ya jadi, wakajaribu dondoo zaidi ya 380 kwa panya wenye malaria.

Pakanga ya Kichina ilionyesha matumaini, kisha ikawaangusha. Jaribio moja lilizuia vimelea kwa asilimia 68. Yaliyofuata yalishuka sana. Tu Youyou akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4. Pale aliona kwamba mmea huo uliloweshwa majini na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Akahisi kwamba moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Akabadilisha njia, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Oktoba 1971, sampuli namba 191 iliua vimelea vyote kwa panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa wenyewe kwanza ili kuona kama ina madhara, ndipo wagonjwa wakapewa. Kiini chake kiliitwa artemisinini, na mwaka 2015 Tu Youyou akapewa Tuzo ya Nobel.

Timu hiyo iligundua pia mambo yanayomhusu mkulima moja kwa moja: dawa iko kwenye majani na si kwenye shina, wakati wa kuvuna una maana kubwa, na mmea wa eneo moja hauna nguvu sawa na wa eneo jingine.

Leo dawa mseto tunayopewa zahanati ina dawa iliyotokana na artemisinini. Wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda waliwahi kulima zao hili kwa mkataba, na majani yao yakawa malighafi ya dawa hizo.

Inatuhusu nini sisi?

Kwanza, jina la pakanga hutumika kwa zaidi ya mmea mmoja. Pakanga ya kienyeji ya milimani inafanana kwa harufu na ile ya Kichina, lakini si chanzo cha artemisinini. Jirani akikupa mche, jina peke yake halitoshi.

Pili, hata pakanga yenyewe ikiwa ya Kichina, chai ya majani haina kipimo kinachojulikana. Dawa kidogo hupunguza homa na kuacha vimelea hai, na mtoto anaweza kuzidiwa usiku huohuo. Pia vimelea vikizoea dawa kidogokidogo, usugu hujengeka. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono matumizi ya majani au chai ya artemisia kwa malaria. Ukiwa na homa, nenda ukapime, kisha umalize dozi.

Tatu, kama unalima mimea ya dawa ili uuze, fanya haya:

- Pata mbegu kutoka chanzo kinachojulikana, uandike jina, tarehe na shamba.
- Mwonyeshe mtaalamu wa mimea tawi lenye maua kabla ya kupanda eneo kubwa.
- Vuna sehemu sahihi kwa wakati sahihi, kausha kivulini, hifadhi pakavu.
- Usipande kabla mnunuzi hajaeleza kwa maandishi anapima nini na analipaje.

Nne, kama familia yako ina dawa ya asili, zipo njia za kuipima. Pale Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, ambayo kazi yake ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Lipo pia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Kabla ya kutoa siri ya dawa, weka makubaliano ya maandishi juu ya nani atamiliki matokeo. Mamani hakuwa na karatasi hiyo.

Mwenye mche asioujua vizuri auchume ukiwa na majani na maua, aulete ofisi ya ugani ya kata yake. Tutaanza na jina lake.