Siku za Jahazini: Wazee Wetu kati ya Mandvi na Unguja

Asimamaye Mngeta, kati ya mashamba ya mpunga na milima ya Udzungwa, haioni bahari. Hata hivyo habari za jumuiya za Kihindu katika bonde la Kilombero haziwezi kuanzia hapa bara. Yatupasa kurudi kwenye bandari za Mandvi na Porbandar, na kwenye majahazi yaliyoziunganisha na Unguja.

Safari ilitawaliwa na upepo. Katika mwezi wa Shravan, mwezi ulipotimia, watu wa pwani ya Gujarat walitupa nazi baharini kuitambikia bahari, kwa kuwa dhoruba kali zilikuwa zikielekea kwisha. Kaskazi ilipotulia, kuanzia Desemba hivi, majahazi yalitweka tanga. Njia yenyewe ilizidi kilomita 4,000. Upepo ukiwa mwema, wiki nne zilitosha. Ukilegea, chakula kilianza kupimwa kwa kibaba.

Abiria hakuwa na chumba. Alilala juu ya shehena, kati ya marobota ya nguo na magudulia ya samli, na jua likimchoma alijitafutia kivuli cha tanga. Choo kilikuwa sanduku lililoning'inizwa nje ya tezi, juu ya mawimbi. Moto wa kupikia uliwashwa ndani ya kasha lililojazwa mchanga, nao ulizimwa bahari ilipochafuka. Siku hizo watu walitafuna vyakula vikavu walivyofungiwa na mama zao.

Hapo ndipo penye uzito. Mhindu aliyeshika dini aliambiwa kwamba kuvuka maji makuu ni kujitia unajisi, na wengine waliporejea kwao walitakiwa kutakaswa. Walioshika sana miiko walibeba maji yao na vyombo vyao, wakapika wenyewe wali, dengu na chapati. Maji yalipopungua, mwiko huo ulikuwa mtihani mkubwa. Kwa sababu hizohizo wafanyabiashara wa Kibhatia walikaa Unguja miaka mingi bila kuwaleta wake zao.

Mabaharia nao hawakuwa na mapumziko. Walisokota kamba, wakashona tanga lililochanika, wakakumba maji yaliyojaa ngamani usiku na mchana. Kugeuza tanga kulidai mikono ya wote, maana foromali nzito ilipaswa kuzungushwa upande wa pili wa mlingoti. Nahodha wa Kutch alikuwa na daftari lake la michoro ya pwani na majira ya nyota. Wengi wa mabaharia hao walikuwa Waislamu, wengine Wakharva wa Kihindu. Sisi tunaona haki itajwe: wazee wetu walifika salama mikononi mwa watu wa dini mbili.

Wala tusichague yale yanayopendeza tu. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 19 forodha ya Unguja ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, na ushuru wake ulitozwa kwa pembe za ndovu na kwa watumwa pia. Waliokwenda na waliopelekwa walipita bandari ile ile.

Meli za moshi zilianza safari za kawaida za Unguja mwaka 1872, lakini nauli ya jahazi ilibaki ndiyo ya maskini. Nanji Kalidas Mehta, aliyekuja kuwa tajiri wa sukari wa Uganda, alivuka kwa jahazi akiwa kijana wa miaka 13 tu.

Kurudi kulingoja kusi. Jahazi lililochelewa kuondoka kabla ya Juni lilikwama hadi Agosti, kwani katikati ya majira bandari za Kutch hazikuingilika. Wakati wa kungoja, majahazi mengi yalitafuta shehena, na shehena moja inatuhusu sana. Maji ya mto Mngeta huingia Kilombero, na Kilombero huungana na Luwegu kuwa Rufiji. Katika delta ya Rufiji, ambako maji haya yetu hufika baharini, mabaharia walipiga kambi wiki nzima nzima wakipakia boriti za mikoko, miguu ikizama matopeni na mbu wakiwala. Alan Villiers, baharia wa Australia, aliishuhudia kazi hiyo mwaka 1939 akiwa ndani ya jahazi la Kuwait. Boriti hizo zilipakiwa hadi chombo kikazama karibu na ukingo, kisha wakangoja kusi.