Kabureta, Handeni na historia tusiyofundishwa

Wadau, leo tuache siasa kidogo, tuzungumzie pikipiki. Sina maana ya bodaboda zilizojaa kila kona. Nazungumzia zile za zamani, ambazo ukitoka Korogwe kwenda Handeni unaikuta moja moja imeegemezwa chini ya mwembe, tangi limepigwa viraka, na mzee kachuchumaa pembeni anasafisha kabureta kwa petroli na mswaki uliochakaa. Shuleni tulikariri Mkutano wa Berlin wa 1884-85 mpaka basi. Lakini hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba kile kichuma mkononi mwa mzee nacho kina historia, na kwamba sehemu ya historia hiyo imepita hapo hapo Handeni.

Kwanza tuelewane kabureta ni nini. Kazi yake ni kuchanganya hewa na petroli kwa kipimo ambacho injini inaweza kukichoma, yaani karibu sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Hewa inapita mahali pembamba, inaongeza kasi, mgandamizo wake unashuka, na petroli inanyonywa kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Mwaka 1893 Wahungari wawili, Donát Bánki na János Csonka, walisajili kabureta ya namna hiyo, na Mjerumani Wilhelm Maybach akatengeneza ya kwake miaka hiyo hiyo.

Sasa angalia mwaka huo huo 1893 kwetu kulitokea nini. Daktari Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mkonge ukaizaa Korogwe tunayoijua: mashamba, na baadaye karakana. Mkonge na injini vimekua pamoja katika mkoa huu.

Vita ilipoanza 1914, manowari za Uingereza zilifunga pwani na petroli ikakatika. Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, ameeleza kwenye kumbukumbu zake jinsi walivyopata mafuta kutokana na nazi, wakayaita trebol, yakaendesha magari machache waliyokuwa nayo. Yaani zaidi ya miaka 100 iliyopita kuna injini katika nchi hii zilikunywa nazi! Na kwa kuwa reli ya kaskazini na reli ya kati hazikuwa zimeungana, Wajerumani walichukua reli ndogo za mashambani wakajenga njia ya vitoroli kutoka Mombo hadi Handeni. Vitoroli hivyo havikuwa na injini. Vilisukumwa kwa mikono, na mikono yenyewe ilikuwa ya babu zetu.

Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalishuka na mto Pangani, yakaichukua Korogwe, na siku chache baadaye Handeni. Jeshi la Smuts lilikuwa hata na kikosi cha Waafrika Kusini cha pikipiki. Hata hivyo mzigo mkubwa wa vita ile ulibebwa kichwani na wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa na magonjwa. Vitabu vinakumbuka majenerali. Aliyesukuma toroli mpaka Handeni hana hata jina.

Baada ya Wajerumani wakaja Waingereza na vyuma vyao. Mwaka 1927 viwanda vitatu vya kabureta vya Uingereza viliungana vikawa Amal, na kwa miaka mingi BSA, Triumph na Norton zilitoka kiwandani zikiwa na Amal. Mwaka 1960 kampuni ya Kijapani ya Mikuni ilipata leseni ya Amal. Kwa hiyo fundi aliyejifunzia kwenye BSA, ilipoingia Suzuki au Yamaha hakuanza moja. Undugu wa pikipiki zenyewe nao ni hivyo hivyo. DKW RT 125 ya Wajerumani, baada ya Vita ya Pili, ilichukuliwa kama fidia ikazaa BSA Bantam ya Uingereza na Moskva ya Warusi, na Yamaha nao pikipiki yao ya kwanza ya 1955, YA-1, waliiga hiyo hiyo. Mjerumani, Mwingereza na Mjapani, wote unawakuta chini ya mwembe mmoja.

Ndipo yakaja maisha yetu wenyewe. Mashamba ya mkonge yalitaifishwa 1967, na uzalishaji uliokuwa umevuka tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960 ukaporomoka. Ikaja vita ya Kagera ya 1978-79, fedha za kigeni zikaisha, spea zikaadimika. Katika hali kama ile fundi hakuwa mtu wa kubadilisha kifaa. Alikuwa mtu wa kukifanya kifaa kisife: gaskiti unakata kwenye boksi, ringi unazitoa kwenye injini nyingine.

Na tuning yenyewe ni elimu. Fundi mzuri anafungua plagi na kuisoma. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo, injini inachemka na pistoni inaweza kutoboka. Ikiwa ya kahawia, mwache mtu aende zake. Vumbi la Handeni likiziba chujio, hewa inapungua na mchanganyiko unakuwa mzito. Ukilitoa chujio ili ipumue, vumbi linakwangua silinda. Korogwe iko karibu mita 300 juu ya bahari, Lushoto karibu 1,400. Pikipiki iliyorekebishwa Korogwe ikipanda Lushoto inavuta hewa nyepesi kuliko iliyozoea, na plagi inaanza kuingia masizi. Mzee mmoja niliyekaa naye Korogwe hakuwahi kusikia neno mgandamizo, lakini aliniambia kwamba ya mlimani unaipunguzia mafuta. Na jeti, alisema, haichokonolewi kwa waya wa chuma. Tundu lenyewe ni dogo sana, ukilipanua kidogo tu umeshaiharibu.

Wazee hao pia ndio waliojua madhara ya petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa: injini inagonga na inachemka. Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta 2010, na 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua mchezo ule.

Kuna watakaosema hizi ni hadithi za wazee, sasa hivi kabureta ni kitu cha kununua dukani na ya zamani unatupa. Kweli, mpya haina bei kubwa. Lakini pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabarani kwetu zimeiga injini ya Honda CG125 ya 1976, iliyobuniwa makusudi kwa nchi kama zetu, ambako matunzo ni haba. Kijana anayeiendesha leo Kabuku au Mkata anaendesha teknolojia ile ile ya mzee wa mwembe, ila hana tena ile elimu. Ikiunguruma vibaya anabadilisha kifaa, kisha kingine, mpaka hela ya siku iishe. Na pikipiki za sindano za mafuta za kielektroniki zikishaenea, hata sababu ya kumuuliza mzee haitakuwepo.

Tuna makumbusho ya majenerali, makaburi ya askari wa Kijerumani Tanga yanatunzwa mpaka leo. Ya mafundi hatuna hata daftari. Anayejua kusoma plagi Handeni na Korogwe yuko hai, ana miaka 70 na kitu, na hana mwanafunzi. Ukipita huko, simama, mpe shikamoo, kaa naye nusu saa, na uwe na kalamu.