Njia, Mwendo na Namna: Historia ya Semi za Umbali katika Kiingereza na Funzo Lake kwa Mfasiri wa Kiswahili

1.0 Utangulizi



Mada ya mhadhara huu yaweza kuonekana ndogo: jinsi Mwingereza wa kawaida anavyoeleza umbali wa mahali na namna jambo linavyotendeka. Hata hivyo, kila mwalimu anayesahihisha tafsiri anajua kwamba aghalabu Kiswahili hupindishwa katika mambo madogo kama haya. Istilahi ngeni huonekana mara moja, ikajadiliwa. Lakini mtu anapoandika "mji upo kilomita kumi mbali" au "alijibu katika namna ya kirafiki", kosa hupita bila kuonekana kwa kuwa kila neno ni la Kiswahili. Ugeni umo katika muundo. Nakusudia kuonyesha kwamba historia ya semi za Kiingereza yaweza kumwongoza mfasiri katika kuamua lipi la kuchukua na lipi la kuacha.

2.0 Umbali: mwili, plau na sheria

Kama lugha nyingine nyingi, Kiingereza kilianza kupima kwa mwili na kazi. Neno "foot", lililotupatia futi, ni mguu wa mtu. Neno "yard", lililotupatia yadi, lilitokana na neno la kale lenye maana ya fimbo. Neno "furlong" lilimaanisha urefu wa mfuo mmoja wa plau katika shamba, na hatimaye likathibitishwa kuwa yadi 220. Sisi nasi tulikuwa na shibiri, dhiraa na pima, vipimo vya kiganja, mkono na mikono miwili iliyonyooshwa.

Maili ina historia tofauti. Ilitoka kwa Warumi, ambao kwao ilikuwa hatua elfu moja, kila hatua ikihesabiwa kwa miguu yote miwili, jumla yake futi 5,000 za Kirumi. Mwaka 1593, katika enzi ya Malkia Elizabeth I, sheria iliyokataza ujenzi mpya ndani ya maili tatu kutoka malango ya London ilibidi ieleze maili ni nini. Ikaamua kuwa ni "furlong" 8, yaani futi 5,280. Mashamba yalikuwa yamekwisha kupimwa kwa "furlong", hivyo maili ndiyo iliyorefushwa ili ilingane nayo. Hadi leo maili hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye vibao vya barabara za Uingereza.

Pamoja na vipimo hivi rasmi, watu waliendelea kutumia semi za makadirio. Mwingereza husema umbali fulani ni wa "arukavyo kunguru", akikusudia mstari ulionyooka usiofuata kona za barabara. Msomaji wa Kiswahili anayekutana na kunguru huyo ghafla atatafuta ndege mahali pasipo na ndege. Mfasiri aandike tu "kwa mstari ulionyooka".

Je, usemi wa "umbali wa kutupa jiwe" nao ukataliwe? Hapa historia inatutahadharisha. Kipimo hicho kimo katika Injili ya Luka, sura ya 22, iliyoandikwa kwa Kiyunani karne nyingi kabla Kiingereza hakijaandikwa, na wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walikihifadhi. Usemi huo haukuanzia kwa Waingereza, wala haumzuii msomaji kuelewa, kwani kila mtu amewahi kutupa jiwe. Kwa hiyo, kufanana na Kiingereza peke yake hakutoshi kuwa sababu ya kuuhukumu usemi.

3.0 Neno moja, maana mbili

Kiini cha mada yetu ni neno "way", ambalo asili yake ni njia. Katika Kiingereza cha kila siku neno hili hubeba umbali na namna kwa pamoja. Mahali pa mbali husemwa kuwa ni "a long way". Neno "far", ambalo wanafunzi hufundishwa kwanza, hutumika zaidi katika maswali na ukanushi. Neno "away", linalofuata idadi ya maili au dakika, lilikuwa hapo kale "on weg", yaani njiani. Na anayetaka kueleza jinsi ya kutenda husema "in this way", kwa njia hii.

Kiswahili kimepita katika wazo hilohilo kwa mguu wake chenyewe. Kutokana na kitenzi *enda* tunapata *mwendo*, ambao ni umbali: mwendo wa saa mbili, mwendo wa siku tatu. Kutokana na *enenda* tunapata *mwenendo*, ambao ni namna mtu anavyoishi. Kwa mintarafu hii, hatuna haja ya "dakika kumi mbali kutoka hapa". Tunao "mwendo wa dakika kumi", na mzungumzaji anayeelekeza kwa mkono akirefusha irabu ya *kuleee* huwa ameeleza umbali bila kipimo chochote.

4.0 Namna: umbo na mfano

Kiambishi "-ly" kinachounda vielezi vingi vya Kiingereza kinatokana na neno la kale "lic", lenye maana ya mwili au umbo. Jambo la kirafiki lilikuwa jambo lenye umbo la rafiki. Vielezi vya aina nyingine viliishia kwa irabu "-e", na irabu hiyo ilipodondoka vikafanana na vivumishi. Ndiyo maana "fast" na "hard" havina "-ly". Askofu Robert Lowth, katika sarufi yake ya mwaka 1762, alilaumu matumizi ya vivumishi kama vielezi, ingawa baadhi ya maumbo hayo yalikuwa na nasaba ya kale.

Kiambishi chetu *ki-* hufanya kazi iliyo karibu sana na ya "lic": kirafiki, kindugu, kitoto, kijeshi. Tunavyo pia *vi-* katika vizuri na vibaya, *kwa* katika kwa uangalifu, takriri katika polepole, na tanakali sauti: alilala fofofo, akaanguka pu. Anayeandika "kwa njia ya haraka" mahali pa "haraka", au "katika namna ya kirafiki" mahali pa "kirafiki", ameongeza maneno bila kuongeza maana.

5.0 Hitimisho

Napendekeza kwamba, kabla ya kufasiri usemi wa umbali au wa namna, mwanafunzi ajiulize maswali mawili. Kwanza, usemi huu unapima au unaeleza nini? Pili, Kiswahili kina chombo gani kwa kazi hiyo? Akijibu hivyo, atamwacha kunguru Uingereza, atalihifadhi jiwe la Luka, na atautumia mwendo ambao lugha yake ilikuwa nao tangu zamani.