Redio, Mimbari na Jando: Elimu ya UKIMWI Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Historia ya elimu ya UKIMWI katika Nyeri na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya haiwezi kusimuliwa kwa mabango na matangazo ya redio pekee, kwa sababu ujumbe wa serikali ulipofika huko uliwakuta tayari wenye mamlaka ya kusema juu ya mwili, ndoa na ujana. Hao walikuwa wazee na walezi wa jando, machifu na mabaraza yao, vikundi vya akina mama, na makanisa yaliyokita mizizi tangu Wamisionari wa Consolata walipofika katika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902 na Wapresbiteri walipojenga kituo chao cha Tumutumu karibu na Karatina. Kampeni ya vyombo vya habari, yaani mpango wa kuurudiarudia ujumbe mmoja mbele ya umma mpana ili watu wabadili mwenendo, ilipokelewa au kupuuzwa kulingana na jinsi ilivyopatana na sauti hizo zilizoitangulia.

Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984, na katika miaka iliyofuata Wizara ya Afya, ambayo kati ya 1988 na 1991 iliongozwa na Mwai Kibaki, mbunge wa Othaya katika Wilaya ya Nyeri, ilianza kuwaeleza wananchi ugonjwa ambao haukuwa na dawa. Ujumbe wa awali ulitegemea hofu: ugonjwa unaua, kwa hiyo jihadhari. Hofu hiyo iliwafikia watu upesi, lakini ilizaa pia kimya, na katika Kikuyu ugonjwa ukatajwa kwa mafumbo kama vile mukingo, jina linaloashiria shingo iliyokonda, huku matangazo ya vifo magazetini na redioni yakisema tu kwamba marehemu ameaga baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kwa kuwa vyombo vilevile vilivyoonya ndivyo vilivyoeneza mwaka 1990 habari za Kemron, dawa iliyosifiwa na watafiti wa serikali ambayo majaribio ya baadaye hayakuithibitisha, msikilizaji wa Mukurweini au Kerugoya hakuwa na njia rahisi ya kutenganisha elimu na matumaini ya bure.

Hatua iliyoleta mabadiliko makubwa zaidi katika utangazaji ilikuwa ya lugha. Mchezo wa redio «Ushikwapo Shikamana», uliochukua jina lake kutoka methali ya Kiswahili na kurushwa na Shirika la Utangazaji la Kenya, ulikuwa umeonyesha kwamba hadithi yenye wahusika wanaokosea na kujuta hufundisha kuliko amri. Lakini ulikuwa wa Kiswahili, ilhali bibi na babu wa mashambani, ambao ndio waliobaki kuwalea mayatima, waliongea na kusikiliza kwa Kikuyu, Kimeru au Kiembu. Kameme FM ilipoanzishwa mwaka 2000 ikitangaza kwa Kikuyu, na vituo vingine vya lugha za eneo hilo vikafuata, mambo ambayo awali yalisemwa kwa lugha ya ofisi yaliingia jikoni, shambani na ndani ya matatu, na msikilizaji akaweza kupiga simu na kuuliza. Hapo ndipo aibu ilipoanza kulegea, ingawa redio hizo ziliweza pia kupitisha uvumi kwa wepesi uleule.

Uvumi haukutoka kwa wasiosoma peke yao. Mwishoni mwa Agosti 2004 gazeti moja la Nairobi liliripoti kwamba Wangari Maathai, mbunge wa Tetu, alisema katika mkutano mjini Nyeri kwamba virusi vya UKIMWI vilitengenezwa na wanasayansi. Alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel miezi michache baadaye, habari hiyo ilizunguka dunia nzima, naye akatoa taarifa ya kukana kwamba ana imani hiyo. Kisa hicho kinastahili kukumbukwa bila kumpunguzia heshima mama huyo, kwa kuwa kinaonyesha jinsi swali la asili ya ugonjwa lilivyowashughulisha watu, na kampeni, zilizoshikilia kinga tu, zilikuwa zimeliacha bila jibu.

Makanisa nayo yalisema kwa sauti mbili. Mwaka 1996 Kardinali Maurice Otunga aliongoza uchomaji wa kondomu katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, na hata mwaka 2013 tangazo la televisheni lililowahimiza watu walio na mpango wa kando, yaani uhusiano nje ya ndoa, watumie kondomu liliondolewa baada ya viongozi wa dini kulipinga. Wakati huohuo hospitali za misheni, kama Mathari ya Wakatoliki na Tumutumu ya Wapresbiteri, ziliwauguza wagonjwa waliokuwa wakikimbiwa na jamaa zao.

Mfano bora wa elimu iliyofaa unapatikana upande wa mashariki wa mlima, katika Hospitali ya Chogoria. Kwa Wameru, kama kwa Wakikuyu na Waembu, tohara ya mvulana ndiyo mlango wa utu uzima, na desturi ilimtaka akae faraghani akifundishwa na mlezi wake mambo ya unyumba na heshima. Mafundisho hayo yalipodhoofika, na vijana wakabaki na kisu bila darasa, hospitali hiyo iliunda utaratibu ambapo wavulana walitahiriwa kwa usalama na kukaa pamoja kwa siku kadhaa wakifundishwa juu ya UKIMWI, dawa za kulevya na wajibu wa mwanamume. Nguvu yake ilikuwa katika wakati: kijana hufunguka masikio anapoambiwa kwamba sasa amekuwa mtu mzima, na hakuna tangazo la nusu dakika linaloweza kuuumba wakati huo.

Jando hilohilo linamlazimu mwanahistoria awe mwangalifu na takwimu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 ulikuta asilimia 3.6 ya watu wazima wa Mkoa wa Kati, uliojumuisha Nyeri, wakiishi na virusi vya UKIMWI, dhidi ya 14.9 katika Nyanza, lakini tofauti hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa ushindi wa kampeni, kwa sababu majaribio ya kitabibu, likiwemo la Kisumu, yalikuwa yamethibitisha kwamba tohara, iliyokuwa ya kawaida zaidi Mkoa wa Kati kuliko Nyanza, hupunguza sana hatari ya mwanamume kuambukizwa.

Utafiti huohuo ulionyesha kwamba, ingawa karibu kila Mkenya alikuwa amesikia habari za UKIMWI, zaidi ya wanne kati ya kila watano walioishi na virusi hawakujua hali yao. Kilichokosekana hakikuwa habari bali kituo cha kupimia kilicho karibu na sababu ya kukiendea, na sababu hiyo ilipatikana dawa za kupunguza makali zilipotolewa bure katika hospitali za umma kuanzia mwaka 2006. Tangu hapo kazi ya redio ilihama kutoka kuutisha umma hadi kuutajia mahali na siku ya kupimwa, na katika kazi hiyo ndogo redio ilifaa kuliko ilivyowahi kufaa katika ile kubwa.